Lugha Isiyofutika: Uhura, Kiswahili na Fumbo la Wakati katika Star Trek

Miongoni mwa mafumbo yanayowashughulisha mashabiki wa tamthilia ya Star Trek, lipo moja ambalo mzungumzaji wa Kiswahili ana haki ya kulisemea. Katika kipindi cha "The Changeling", kilichorushwa Marekani tarehe 29 Septemba 1967, mtambo wa angani uitwao Nomad unamsikia Luteni Uhura akiimba, unashindwa kuelewa maana ya kuimba, na unaifuta akili yake yote. Uhura anafundishwa upya kusoma maneno mepesi ya Kiingereza kama mtoto wa darasa la kwanza, na anapoudhika anafoka kwa Kiswahili. Ikiwa kila kitu kimefutwa, Kiswahili hicho kimetoka wapi?

Wapo wasemao kwamba kilichofutwa ni maarifa ya darasani, si lugha ya kuzaliwa. Wengine wanaona ni uzembe wa mwandishi tu. Jibu la kwanza lina mashiko: Ribot, mwanasaikolojia wa Ufaransa wa karne ya 19, alishikilia kwamba kumbukumbu za kale ndizo za mwisho kupotea. Hata hivyo, mwaka 1895 mwenzake Pitres alidai kwamba kwa wajuao lugha kadhaa, aghalabu inayorudi kwanza ni ile iliyozoeleka zaidi kabla ya maradhi. Kwa hoja ya Pitres, afisa wa mawasiliano aliyefanya kazi kwa Kiingereza kutwa kucha angefoka kwa Kiingereza.

Fumbo hili limekua kadiri tamthilia ilivyorefushwa. Katika filamu ya sita, ya mwaka 1991, Uhura aliyebobea kazini anapekua vitabu ili awajibu Waklingoni, tena kwa sentensi za kuchekesha. Filamu ya 2009 ikamfanya mtaalamu wa lugha za viumbe wa sayari nyingine. Mkinzano huo ulivumilika, kwa kuwa filamu hiyo imo katika mkondo wa wakati uliochepuka mwaka 2233 wa hadithi. Strange New Worlds (2022) imeiondoa kinga hiyo. Inarudi kwenye mkondo wa asili, mwaka 2259, na humo Uhura kijana, aliyekulia Kenya, anajua lugha 37. Mjuzi huyo amepotelea wapi kufikia 2293, mwaka wa matukio ya filamu ya sita? Hapo baadhi ya mashabiki huikimbilia "The Changeling": akili ilifutwa mwaka 2267, Kiklingoni kikaenda na maji, Kiswahili kikabaki.

Kwa maoni yetu, suluhisho hili linatengeneza kalenda na kumharibu mhusika. Linamfanya mwanamke ambaye kila alichokisomea huweza kupotea, ila Uafrika wake peke yake. Tamthilia yenyewe ilikwishapanda mbegu hiyo. Katika "The Man Trap" (1966), kiumbe mwenye uwezo wa kubadili umbo anamjia Uhura kwa sura ya mwanamume Mweusi anayemsemesha Kiswahili. Katika vipindi vyote viwili Kiswahili ni alama ya kina cha moyo kuliko chombo cha mawasiliano. Jina lenyewe limetokana na "uhuru", irabu ya mwisho ikabadilishwa ili lisikike la kike, ingawa irabu hiyo haibebi jinsia katika Kiswahili. Hatulidharau jambo hili: mwaka 1966 ndio ulioanzisha Kwanzaa, na kwa Wamarekani Weusi wengi kukisikia Kiswahili runingani hakukuwa jambo dogo.

Lakini tumhamishie Uhura Kabuku, wilayani Handeni, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera. Akifutwa akili, atafoka kwa lugha gani? Kama amelelewa na bibi Mzigua, huenda ni Kizigua, maana Kiswahili alikutana nacho shuleni na sokoni. Kama babu zake walikuja kukata mkonge kutoka mbali, wakaoana na watu wa makabila mengine kambini, basi Kiswahili ndicho lugha yake ya kwanza. Jibu hutofautiana nyumba kwa nyumba.

Wilaya hiyohiyo ina ushahidi mwingine, katika makazi ya Chogo. Wakazi wake wengi ni wazao wa Wazigua waliopelekwa Somalia utumwani katika karne ya 19, wakaishi bonde la mto Juba, kisha wakakimbia vita miaka ya 1990. Walirudi Handeni wakisema Kizigua ambacho wenyeji walikielewa. Ribot angefurahi, lakini hawa hawakuwa mtu mmoja mwenye fuvu gumu. Waliitunza lugha kwa sababu kizazi baada ya kizazi palikuwa na mtu wa kusema naye.

Swali ambalo mashabiki hawaliulizi sana, basi, ni hili: Uhura anasema na nani? Katika "The Changeling" msikilizaji wake ni muuguzi Chapel, ambaye kazi yake ni kumrudisha kwenye Kiingereza. Katika "The Man Trap" anayemwitikia kwa Kiswahili ni kiumbe anayeua wanadamu kwa kuwafyonza chumvi. Nayo Strange New Worlds, iliyompa hatimaye wazazi na ndugu, imewaua wote kwa ajali ya chombo kabla hadithi haijaanza.