Wimbo Usio na Jina la Mtunzi

Hapa Nalufenya, mjini Jinja, wako vijana wenye kompyuta kando ya barabara ambao kwa shilingi chache humjazia mpita njia nyimbo katika simu yake. Juzi tulimwona mmoja akimjazia mteja "Malaika". Katika kioo cha kompyuta jina la wimbo lilikuwapo. La mtunzi halikuwapo. Tungalimlaumu kijana yule, lakini tulikumbuka karatasi zetu wenyewe za darasani, ambamo kwa miaka mingi wimbo huo huo tumeuandikia maneno "wimbo wa Kiswahili", basi.

Kifasihi, "Malaika" ni wimbo uliojengeka vyema. Msemaji wake apenda, lakini hana mahari. Lugha yake ni nyepesi, na urudiaji wake si wa kujaza nafasi, bali ni wa mtu aliyekwama asiye na jingine la kusema. Wako wenzetu wanaoudharau kwa wepesi huo, hatukubaliani nao. Wepesi ndio uliouvusha mipaka: Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika sahani yao ya mwaka 1965, na Boney M. wakautoa mwaka 1981.

Lakini ni wa nani? Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, akajulikana kwao kuwa ndiye mwenyewe. Alifariki mwaka 2001. Adam Salim wa Tanzania alidai kwamba aliutunga mwaka 1945. Lucas Tututu wa Mombasa naye hutajwa. Kesi hiyo si yetu kuiamua. Tulionalo ni kwamba wimbo wa mtu aliyekosa fedha uliimbwa duniani kote huku wanaoudai wakigombea hata jina.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na humpa haki ya kutajwa. Hata sisi walimu, tunaoruhusiwa kutumia kazi yake kwa kufundishia, twatakiwa kumtaja. Katika mtandao wa intaneti jambo hili limezidi uzito, maana malipo hufuata jina lililoandikishwa pamoja na wimbo. Likikosekana, fedha hulala bila mwenyewe au huenda kwa mwingine. Na hata jina likiwapo, makampuni mengi hukusanya ada za wasikilizaji katika mfuko mmoja, kisha hugawa kwa kadiri ya usikilizwaji. Hivyo msikilizaji wa Jinja aliyemsikiliza mwimbaji mmoja tu wa Kisoga mwezi mzima, sehemu kubwa ya ada yake huwafikia watu ambao hakuwasikiliza kamwe. Sisi hatuoni haki katika mgao huo.

Mtu ataniambia, na bigwala je? Tarumbeta hizo za vibuyu za Wasoga, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kila moja hutoa sauti moja tu. Wimbo haupatikani mpaka wapigaji wakutane. Hapo kumtafuta mtunzi mmoja ni kazi bure. Hata hivyo "wa jadi" si sawa na "hauna mwenyewe": wale waliopuliza siku ya kurekodi wana hakishiriki yao, na majina yao yaweza kuandikwa siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua.

Muhula huu tuliichapa upya karatasi ya nyimbo. Chini ya "Malaika" tuliandika majina yote matatu, tukaeleza kwamba utunzi wake una mgogoro. Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyosha mkono, akauliza nyimbo nyingine kumi na moja za karatasi ile zilitungwa na nani. Saba hatukuweza kumjibu.