Mawakala wa Chumba cha Mwisho

Kwa Kimalei, "muda" maana yake kijana. Ndilo jina la chama kilichoanzishwa Malaysia mwaka 2020, kikiwachanganya Wamalei, Wachina na Wahindi katika nchi ambayo vyama vingi vimejengwa juu ya kabila. Sisi tukilisikia jina hilo tunafikiria saa, na saa ndizo hasa waanzilishi wake walizotoa: usajili pekee uliwachukua zaidi ya mwaka, hadi mahakamani.

Lakini ninaowavulia kofia ni mawakala wake wa uchaguzi. Kule vyumba vya kupigia kura hugawanywa kwa umri: wazee chumba cha kwanza, vijana cha mwisho. Wakala huketi chumbani humo akifuatilia majina kwenye daftari. Kura zikianza kuhesabiwa hapohapo, hukodolea macho kila karatasi, hupinga yenye shaka, kisha hutia saini Fomu 14, ile ya matokeo.

Agosti 2023 chama kilisimamisha wagombea 19 katika chaguzi za majimbo. Hakushinda hata mmoja. Anayekosa thumuni, yaani sehemu moja ya nane ya kura, hupoteza dhamana. Fomu ya kushindwa nayo husainiwa, kwa mkono uleule uliochoka.