Kumpasua Mbu Bila Kumharibu

Mbu jike wa malaria ana uzito wa miligramu moja au mbili hivi. Ndani ya mwili huo mna utumbo, mirija mitano ya Malpighi inayotoa taka, vifuko viwili vya mayai, jozi ya tezi za mate, na mafuta yaliyogandamana na ukuta wa tumbo. Anayetaka kujua ni RNA ndogo zipi zimo katika kila kiungo hana njia ya mkato. Sharti akae mbele ya darubini na kuvitenganisha kimoja kimoja, pasipo hiki kuchafua kile.

Mbu hulazwa kwanza kwenye barafu hadi alegee. Wenye vipapasio vya manyoya manene huwekwa kando. Hao ni madume, damu hawanywi. Jike hunyofolewa miguu na mabawa, akalazwa kwenye slaidi ndani ya tone la maji ya chumvi. Sindano moja inambana kifuani. Nyingine inachanja kidogo pande mbili za pingili za mwisho wa tumbo, kisha inavuta, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Mwenye pupa ataukata utumbo katikati, yaliyomo yamwagike kwenye tone zima. Aliyezoea huvuta, hutulia, huvuta tena, mpaka utumbo unateleza nje mzima, vifuko vya mayai vikifuatana nao na mirija ya Malpighi ikining'inia. Sasa kazi ni kuachanisha. Kama mbu amekunywa damu jana yake ndiyo balaa zaidi: utumbo umevimba, mweusi, na ncha ya sindano ikikosea kidogo tu unapasuka.

Tezi za mate hutokea upande wa pili. Kichwa huvutwa taratibu huku kifua kimebanwa, nazo hufuata shingo, kila moja na matawi yake matatu, zikimetameta. Ukiziona mara moja hutazikosa tena.

Uangalifu wote huu una sababu. Seli ya utumbo na seli ya kifuko cha mayai zina jeni zilezile. Tofauti ni zipi zinazofanya kazi na zipi zimenyamazishwa. Baadhi ya wanyamazishaji ni maikroRNA, nyuzi zenye herufi 22 hivi, ambazo hubebwa na protini ya Agonauti kwenda kuzuia ujumbe fulani usigeuzwe kuwa protini. Zipo pia piRNA, ndefu kidogo, ambazo kazi yake kubwa iko kwenye vifuko vya mayai: kudhibiti vipande vya DNA vinavyojihamisha ovyo ndani ya jenomu. Kumsaga mbu mzima na kusoma RNA zake ni kama kusikiliza soko la Kariakoo ukiwa barabarani: kelele unazipata, bei huzijui.

Ufundi huu haukuzaliwa na mashine za kusoma RNA. Daktari Ronald Ross alipasua mbu kule Secunderabad, India, mpaka Agosti 1897 akakiona kimelea cha malaria kwenye ukuta wa tumbo la mbu. Kwetu Muheza, Tanga, watafiti Gillies na Wilkes walipasua vifuko vya mayai wakahesabu vifundo ambavyo kila uzazi huacha nyuma, wakajua mbu wa porini ametaga mara ngapi. Utafiti wao ulichapishwa 1965. Nauheshimu sana uhesabuji ule. Idadi hiyo hudokeza umri wa mbu, na umri ndio unaoonyesha kama ameishi vya kutosha kukomaza kimelea.

Ila RNA ina ugumu wake. Vimeng'enya vinavyoitafuna vimejaa kwenye ngozi na jasho letu, hivyo glavu hazivuliwi, na kiungo kikishatoka hutumbukizwa haraka kwenye dawa inayoviua nguvu. Kisha RNA hupangwa kwa urefu ndani ya jeli, na utepe mwembamba wa zile fupi hukatwa kwa wembe. Hapo pana ujanja ninaoupenda. MaikroRNA iliyokatwa na kimeng'enya cha Daisa hubaki na fosfeti kichwani. Vipande vilivyovunjika ovyo kwa kawaida havinayo. Kiungio kinachobandikwa kwenye kichwa hicho huishika fosfeti tu, kwa hiyo takataka nyingi zinabaki nje zenyewe.

Mwaka 2018 watafiti Lampe na Levashina, wa Berlin, walichapisha atlasi ya maikroRNA za viungo vya mbu wa malaria, Anopheles gambiae. Msomaji wa kazi za namna hii hukutana na maikroRNA iitwayo miR-989, ambayo makazi yake hasa ni vifuko vya mayai. Mimi naiona kama shahidi dhidi ya mpasuaji: ikijaa kwenye sampuli ya utumbo, ningemuuliza kwanza aliyeshika sindano.

Mafuta ndiyo magumu kuliko yote, kwa kuwa hayachomoki. Mara nyingi kinachochukuliwa ni ukuta wa tumbo uliokwisha kutolewa kila kitu, ngozi na misuli ikiwamo. Hata hivyo humo ndimo ilimofuatiliwa maikroRNA nyingine, miR-276. Baada ya mlo wa damu, mafuta huchakata amino asidi kwa ajili ya mayai, na miR-276 hufunga breki uchakataji huo. Mwaka 2019 kundi hilo la Berlin lilionyesha kwamba ukiizima, mbu huendelea kuwekeza kwenye mayai, na kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kilichomo mwilini mwake hukua kwa taabu.