Mbwa Huamini Miguu

Chomeka fito 12 ardhini, mstari mmoja ulionyooka, kila ufito sentimita 60 kutoka kwa mwenzake. Sasa mwambie mbwa aingie akiwa na ufito wa kwanza kwenye bega lake la kushoto, apite kushoto na kulia hadi mwisho bila kuruka hata nafasi moja, tena akiwa mbioni. Hakuna mnyama anayezaliwa akijua jambo hilo, wala porini halina faida yoyote. Ni kitu cha kufundishwa tangu mwanzo mpaka mwisho, na ndiyo maana kila ninapotazama mashindano ya ajiliti, yaani mbio za mbwa kupita vizuizi, macho yangu hungoja hapo kwenye fito.

Mchezo wenyewe bado ni mchanga. Mwaka 1978, katika ukumbi wa Olympia jijini London, maonyesho ya mbwa ya Crufts yalikuwa na muda mtupu wa kujaza kati ya shindano moja na jingine. John Varley wa kamati ya maonyesho, mtu aliyezoea mambo ya farasi, alimwendea mkufunzi wa mbwa Peter Meanwell, wakabuni mbio za viunzi kwa kuiga zile za farasi. Watazamaji waliupenda papo hapo. Mwaka 1980 Kennel Club ya Uingereza iliutambua rasmi, na leo unachezwa karibu kila bara.

Turudi kwenye fito. Mkufunzi mzuri haanzi na 12, huanza na mbili. Anasimama kando, kimya, mdoli mkononi, na mbwa anazungukazunguka akijiuliza anatakiwa kufanya nini. Anapopita katikati ya zile fito mbili, hata kwa bahati, mdoli unarushwa mara moja. Na haurushwi kuelekea kwa mkufunzi, unarushwa mbele, kwenye mstari ambao fito nyingine zitasimama baadaye. Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe. Ukichelewa nusu sekunde, mbwa atakuwa ameshageuza kichwa kukutazama, na atadhani amezawadiwa kwa kukutazama. Siku zinapita, mbwa anajifunza kuingia akitokea kila upande. Kisha jozi ya pili inawekwa mbali, inasogezwa kidogo kidogo, fito zinakuwa nne, sita, 12. Susan Garrett wa Kanada amejulikana sana kwa njia hii ya mbili mbili.

Mbwa akikosea hakemewi. Mdoli unabaki mkononi, basi. Akikosea tena, mkufunzi anarahisisha: anapanua nafasi au anarudi kwenye somo la jana. Kwetu wengi tumezoea mbwa wa geti, afungwaye mchana na kufunguliwa usiku, na tunaamini hafundishiki bila fimbo. Ningependa kila mwenye imani hiyo apate saa moja tu ya kumtazama mkufunzi wa ajiliti anayetafuta kosa kwake mwenyewe kabla ya kulitafuta kwa mbwa.

Subira hiyo hiyo iko kwenye daraja la mbao, kizuizi kingine chenye kimo cha zaidi ya mita moja. Ncha zake zimepakwa rangi tofauti, na mbwa akishuka lazima walau unyayo mmoja uguse sehemu hiyo. Sababu ni usalama: mbwa mwenye haraka angejirusha kutoka juu na kuumiza mabega. Wapo wanaomfundisha kusimama miguu ya nyuma ikiwa ubaoni na ya mbele chini. Wengine, akiwemo Silvia Trkman wa Slovenia, humfundisha kukimbia bila kusita, hatua zake zikiangukia ndani ya rangi. Kwa vyovyote, somo la kwanza hufanyika juu ya ubao uliolazwa chini kabisa. Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, na kweli mbwa huanza masomo akiwa mdogo. Lakini kwenye mashindano mengi haruhusiwi kushindana kabla ya miezi 18, na mkufunzi mwema hampandishii viunzi kabla mifupa yake haijakomaa.

Mwenye mbwa naye ana shule yake, na nadhani ndiyo ngumu zaidi. Uwanjani haruhusiwi kumgusa mbwa, wala kushika kamba, chakula au mdoli. Anapewa dakika chache za kutembea bila mbwa kati ya vizuizi vinavyokaribia 20, akariri mpangilio ambao hajawahi kuuona, na baada ya hapo ana sauti na mwili wake tu. Mdomo ukisema handaki huku miguu inaelekea kwenye kiunzi, mbwa ataruka kiunzi, kwa sababu yeye huamini miguu. Kwa hiyo mkufunzi humwondoa mbwa kwanza. Utamwona mtu mzima akikimbia peke yake uwanjani, akigeuza bega, akinyoosha mkono kwa mbwa asiyekuwepo, na mkufunzi akimrudisha mara tano kwa hatua moja iliyokanyagwa mapema. Hakuna anayecheka. Kila aliyepo ameshakimbia hivyo.

Shule hizo mbili zikikutana, matunda huonekana. Mei 2024, kwenye mashindano ya ajiliti ya Westminster jijini New York, ubingwa ulichukuliwa na Nimble, mbwa mdogo chotara wa Border Collie na Papillon, akiongozwa na Cynthia Hornor. Alimaliza kwa sekunde 28.76, na akawa chotara wa kwanza kushinda taji hilo.

Kama una mbwa nyumbani, chomeka fito mbili uani jioni ya leo. Simama kando, usiseme neno, umngoje apite katikati.