Kitabu kisicho na Majuto

Katika Kasongo na Kabambare jina la Tippu Tip linajulikana tangu utoto. Lakini kulijua jina si kukisoma kitabu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye huyo Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, akiwa mzee huko Unguja. Mdachi Heinrich Brode akayageuza kwa herufi zetu, yakapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwandishi akafa mwaka 1905.

Kwanza tutaje wema wa kitabu. Kiswahili chake ni kifupi na safi. Hakipambi maneno. Mwandishi anataja safari, vita, masultani, na mali aliyokopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Unguja. Anayetaka kujua namna misafara ilivyofika Maniema, akisome.

Pili, kosa lake. Pembe anazihesabu kwa frasila, kwa uangalifu mkubwa. Waliouawa na waliotekwa anawataja pia, lakini hatusikii kilio chao.

Tuangalie mfano mmoja. Alisikia kwamba zamani jamaa wa kike wa Kasongo Rushie, sultani wa Utetera, walitekwa wakapelekwa Urua. Basi akajidai kuwa mjukuu wa mmoja wao. Mzee yule akamwamini, akampa usultani, na pembe nyingi pamoja nao. Tippu Tip hafichi jambo hili. Anatuonyesha alivyoipata habari kwanza, kisha alivyoitumia. Analisimulia kama mfanyabiashara anavyosimulia bei nzuri aliyopata.

Hapo ndipo penye fundisho. Kusema ulilotenda si kutubu. Tippu Tip anasema wazi kuliko wengi wetu, lakini hajiulizi hata mara moja: Yule mzee niliyemdanganya nilimtenda nini?

Labda mmoja atasema: Yeye alikuwa Mwislamu, msimpime kwa katekismu yetu. Ni kweli, na roho yake tunamwachia Mungu. Lakini Waislamu nao wanafundishwa toba. Tena, ugonjwa huu si wa Waarabu peke yao. Askari wa Leopold II waliteka Kasongo mwaka 1893, na Kabambare mwaka 1894. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja nao, alitoa kitabu chake mwaka 1897. Anaeleza jinsi wasaidizi wao walivyokula maiti za adui, kisha habari inaendelea mpaka ushindi. Yeye alitoka nchi ya Wakristu.

Sasa tumweke karibu mtu mwingine wa Afrika, Mtakatifu Augustino. Katika Maungamo yake anakumbuka matunda aliyoyaiba pamoja na vijana wenzake. Ni kitu kidogo, lakini anakaa nacho kwa muda mrefu, anatafuta sababu: kwa nini niliupenda ubaya wenyewe? Mmoja ana miji iliyochomwa na hajiulizi neno. Mwingine ana matunda ya mti mmoja naye anatetemeka. Tofauti si ukubwa wa dhambi. Tofauti ni kwamba Augustino anasema mbele ya Mungu, na Tippu Tip anasema mbele ya wasikilizaji wake.

Nasi je? Mseminari, padri, katekista, kila mmoja anaweza kuungama kwa namna ya Tippu Tip: nilisema uwongo mara tatu, nilikasirika mara mbili. Hesabu ni sawasawa, lakini majuto yako wapi? Nani alidanganywa? Alipoteza nini? Amerudishiwa? Zakayo hakumhesabia Bwana Yezu makosa yake tu. Aliahidi kurudisha mara nne. Katekista aliyemchongea mwenzake kwa padri, kisha akaliungama bila kumtaja hata moyoni, hajamaliza. Malipizi yake yanaanzia kwenye mlango wa mwenzake, na padri anayesikiliza hesabu asiogope kuuliza habari za mlango huo.

Kwa hiyo tunashauri kitabu hiki kisomwe katika seminari zetu, pamoja na mwalimu. Kiswahili tunachoungamia hapa kilifika Maniema kwa misafara ile ile. Lugha hiyo sisi tuitumie kutaja jina la tuliyemkosea.