Utungo na Msomaji: Maana ni ya Nani?

Wanazuoni wameshindana sana juu ya makao ya maana. E. D. Hirsch wa Marekani, katika kitabu chake cha 1967, alishikilia kwamba maana ni ile aliyoikusudia mtungaji, nayo haibadiliki; kibadilikacho ni uzito wake kwa wasomaji. Mwaka ule ule Roland Barthes wa Ufaransa alitangaza kifo cha mwandishi, akamkabidhi msomaji urithi wote. Yafaa madai haya yapimwe kwa utungo wenyewe, wala si kwa hoja tupu. Nami nachagua Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858 na mama mgonjwa wa visiwa vya Lamu kwa ajili ya binti yake.

Kwa miaka mingi utendi huo ulisomwa kuwa mafundisho ya utii wa mke kwa mumewe. Mwaka 1991 Ann Biersteker alitoa hoja kwamba ndani yake mna kejeli. Mathalani, mama amwagiza binti amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Je, huo ni utii? Mtoto huhudumiwa, lakini pia huongozwa, na amleaye ndiye mwenye busara ya nyumba. Mfano huo haukutiwa na msomaji. Ulikuwamo tangu awali, ukingoja jicho la kuuona.

Hata hivyo, mtungaji awaita wanawake wausome utendi na kuyafahamu maana yake, na papo hapo awahimiza wawatii waume zao. Tena asimulia kwamba mumewe mwenyewe alifariki akiwa radhi naye. Asomaye kejeli hana ruhusa ya kuziruka beti hizi. Wala asomaye utii hana ruhusa ya kumruka yule mtoto.

Wanafunzi wetu wengi huingia katika utungo na hukumu mkononi, kisha wakatafuta beti za kuitetea. Huko si kufasiri, ni kujisikiliza. Msomaji ndiye aulizaye, kwani utungo usioulizwa hukaa kimya. Lakini akiisha kuuliza, hana budi kulipokea hata jibu asilolitaka. Basi tafsiri njema ni ile iwezayo kusimama mbele ya ubeti unaoipinga. Mwana Kupona aliomba afahamike, hakuomba ageuzwe.