Matini Iko Wapi? Mwigizaji-Mwimbaji katika Tamthilia ya Muziki ya Kiambu

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Ruiru, aliwahi kuandika pendekezo la tasnifu kuhusu waigizaji wanaoimba katika mji wake na katika mji jirani wa Thika. Alirudishiwa karatasi ikiwa na swali moja pembeni, kwa wino mwekundu: matini iko wapi? Swali hilo si la kupuuzwa, kwani mhakiki asiye na matini hana cha kushika. Hata hivyo tunaonelea kwamba liliulizwa kwa haraka, na kwamba historia ya tamthilia ya muziki katika Kiambu imekwisha kulijibu kwa namna ambayo sisi wahakiki hatujaipa uzito wake.

Kwa istilahi ya mwigizaji-mwimbaji tunamkusudia mtendaji ambaye kwake wimbo ndio tendo lenyewe: akinyamaza, hadithi imesimama. Thika na Ruiru zina watu wengi wa aina hiyo. Huanzia shuleni, katika ngoma bunifu na ushairi wa kwaya wa tamasha za drama. Wakimaliza masomo huimba kanisani Jumapili na kwenye ruracio Jumamosi, ambako bado wageni huweza kuzuiliwa langoni hadi waombe kwa wimbo kufunguliwa. Wengine hupata riziki yao usiku katika mugithi, ambako mpiga gitaa mmoja hubadilisha maneno ya nyimbo zinazojulikana kulingana na nyuso zilizo mbele yake. Hadhira yao ni vibarua wa kahawa na mananasi, wafanyakazi wa viwanda vya Thika, na siku hizi wapangaji wa Ruiru, mji ambao sensa ya mwaka 2019 iliuhesabia watu 490,120. Hayo ni maisha ya kisanaa yenye uanagenzi, hatua na ushindani. Katika uhakiki wetu, lakini, wimbo hupewa aya moja mwishoni mwa sura ya fani, baada ya methali na kabla ya taswira, kana kwamba ni chumvi aliyoinyunyiza mwandishi.

Ili kuupima mtazamo huo hatuna budi kutoka katika miji hii miwili na kwenda upande wa pili wa Kiambu, Limuru, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ. Huko ndiko Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilikofunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 chini ya uongozi wa Kimani Gecau. Mengi yameandikwa juu ya tukio hilo, na karibu yote yanawahusu waandishi wawili. Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe alikuwa mkarimu zaidi kuliko wafasiri wake. Katika Decolonising the Mind anasimulia jinsi wanakijiji walivyoyasahihisha mazungumzo, na jinsi mazoezi yalivyofanywa hadharani, alasiri za Jumamosi na Jumapili, ili yasigongane na kazi wala ibada. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata waliketi wakapiga hesabu ya jasho lao: kwa siku moja walitengeneza viatu vya thamani ya mishahara ya mwezi mzima ya wafanyakazi wote 3,000. Hesabu hiyo ilihitajiwa na tamthilia, kwa kuwa mhusika Gicaamba ni mfanyakazi wa kiwandani. Je, mtu aliyeileta tumwite mwigizaji tu? Msomaji aliyekulia karibu na viwanda vya Thika hatasita kumwita mtunzi mwenza.

Mfano wa gĩtiiro una uzito zaidi. Gĩtiiro ni utendi wa majibizano ya nyimbo unaofungamana na arusi. Upande mmoja huuliza kwa kuimba, upande wa pili hujibu kwa kuimba, na kila jibu huibadili hali ya waliosimama pale. Waandishi walioelimika vyuoni hawakuwa na ujuzi wake wa kutosha. Walifundishwa na wazee wasiojua kusoma, na sehemu hiyo ya tamthilia ikajengwa juu ya mafunzo hayo. Anayeisoma kitabuni huona mistari mifupi inayorudiwarudiwa, na huenda akairuka. Kwa anayeimba, marudio hayo ndiyo yanayofanya kazi: humpa mwenzake nafasi ya kupumua na kujipanga, na huiruhusu hadhira iingie. Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya wimbo unaopamba tamthilia na wimbo unaoitenda. Wakati mmoja, siku ya Jumapili, mvua iliyakatiza maonyesho mara tatu. Kila mara watazamaji walikimbilia kujikinga kisha wakarejea.

Sasa tuitazame serikali ya wakati huo kama mhakiki. (Tunasema hivyo bila mzaha.) Kibali cha maonyesho kilifutwa tarehe 16 Novemba 1977, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Lakini Ngaahika Ndeenda ilipochapishwa kuwa kitabu mwaka 1980, iliuzwa madukani. Maneno yaleyale yaliyokuwa hatari vinywani yaliachwa yasomwe. Februari 1982 kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kilipotaka kuonyesha Maitũ Njugĩra, tamthilia ya muziki iliyokusanya nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya, kilikuta milango ya Kenya National Theatre imefungwa. Kikarudi katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako mazoezi yalivuta maelfu ya watu hadi nayo yakasimamishwa. Mwezi uliofuata polisi waliubomoa ukumbi wa kijijini, uliojengwa kwa mikono ya wanakijiji, wenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Kitabu kikaachwa, jukwaa likavunjwa. Mamlaka yalijua vizuri kuliko sisi mahali ilipokuwa matini.

Huenda tukapingwa kwamba kitabu nacho kina nguvu, na kwamba Caitaani Mũtharabainĩ, riwaya ya mwaka huohuo wa 1980, ilisomwa kwa sauti majumbani, katika mabasi na katika baa. Pingamizi hilo tunalipokea kwa furaha. Aliyesimama katika baa akasoma kwa sauti, akaongezewa kinywaji ili aendelee, alikwisha kuwa mtendaji mbele ya hadhira. Kitabu kilimhitaji yeye ili kiwafikie wengine. Katika miaka ya 1990 Wahome Mutahi na Igiza Productions waliifuata njia hiyohiyo walipopeleka tamthilia za Kigĩkũyũ katika baa za Nairobi na miji ya Mkoa wa Kati.

Mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi, safari hii katika Kenya National Theatre yenyewe, ikiongozwa na Stuart Nash wa Nairobi Performing Arts Studio. Ilionyeshwa kwa Kiingereza na kwa Kigĩkũyũ, Bilal Mwaura akiwa Kĩgũũnda na Nice Githinji akiwa Wangeci. Kubeba tamthilia ya nyimbo katika lugha mbili ni kazi kubwa: pumzi, lafudhi na mapigo ya mstari hubadilika, na mwigizaji huwa amejifunza majukumu mawili kwa jina moja. Ni suala linalostahili makala kamili ya uhakiki. Mjadala, hata hivyo, ulielekea zaidi kwenye marejeo ya Ngũgĩ kuliko kwenye ufundi wa waliokuwa wakiimba. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifariki Zimbabwe mwaka 2008, Ngũgĩ wa Thiong'o akafariki Marekani mwezi Mei 2025, na tanzia zao zilikuwa nyingi, kama ilivyostahili. Waliocheza nao mwaka 1977 hufa pia, nao hufa pamoja na mahadhi. Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa Maitũ Njugĩra, ambayo haikupata kuwa kitabu kama mwenzake. Sehemu kubwa ya tamthilia hiyo imo katika koo za wazee walioifanyia mazoezi wakiwa vijana.

Mwanafunzi wa Ruiru aliandika upya pendekezo lake. Chini ya kichwa cha Matini aliorodhesha nyimbo atakazozirekodi, siku za ruracio atakazohudhuria Thika, na umri wa kila mwimbaji, akianza na mkongwe kuliko wote. Tumeombwa tulisome tena, na safari hii hatuna swali la kuandika pembeni isipokuwa moja: anaweza kuanza lini?